Wakfu, Ruzuku na Chekechea Zetu: Nani Atalipa Mfadhili Akiondoka?



 

Ndugu zetu wanafunzi, katika wilaya zetu za Kasulu na Kibondo maneno "mfadhili", "mradi" na "ruzuku" si mageni hata kwa mtoto mdogo. Tangu wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi mwaka 1993, na ndugu zetu wa Kongo mwaka 1996, magari ya mashirika yamepita katika barabara zetu kila siku. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu, na ya Nduta Kibondo. Tumeona madarasa yakijengwa, na tumeona pia miradi ikifungwa na vibao vyake vikibaki vinaota kutu. Kwa hiyo tumeona ni vyema kuelezana ruzuku ni nini, inatoka wapi, na kwa nini chekechea moja hudumu miaka ishirini na nyingine hufa mwaka uleule mfadhili anapoondoka.

Wakfu na ruzuku

Sisi wanafunzi wa madrasa tunaujua wakfu. Mtu huifunga mali yake kwa ajili ya Allah: shamba, nyumba au kisima. Mali ile haiuzwi wala hairithiwi, bali faida yake hutumika kwa msikiti, kwa mayatima au kwa wanaotafuta elimu. Hiyo ni sadaka yenye kuendelea.

Taasisi nyingi za ufadhili ulimwenguni hufuata njia inayofanana na hiyo. Mtu au kampuni hutenga mali, mali huwekezwa, na faida yake hutolewa kwa kazi za kheri. Fedha inayotolewa kwa kikundi au shule bila kudaiwa irudishwe ndiyo huitwa ruzuku. Ikitolewa kwa mwanafunzi mmoja ili alipiwe ada na matumizi, huitwa ufadhili wa masomo. Ruzuku si mkopo, lakini si fedha ya bure pia. Huja na mkataba, na mkataba una tarehe ya mwisho.

Mfano mmoja tunaujua hapa Kigoma. Mwaka 2019 taasisi ya LEGO Foundation ya Denmark ilitangaza dola milioni 100 kwa shirika la International Rescue Committee ili watoto walioathiriwa na ukimbizi wafundishwe kwa njia ya michezo. Kazi hiyo, iliyoitwa PlayMatters, ilihusisha Ethiopia, Uganda na Tanzania, na kwa upande wa Tanzania ilifika mkoa wetu. Fedha hiyo ni nyingi, lakini hata dola milioni 100 huwa na siku ya kwisha.

Kwa nini watoto wadogo?

Wapo wazee wanaouliza: mtoto wa miaka minne atasoma nini? Si bora acheze nyumbani? Jibu ni kwamba kucheza ndiko kusoma kwake. Akipanga vizibo vya soda kwa rangi, anajifunza kuhesabu na kutofautisha. Akisimulia hadithi, anajifunza kupanga maneno. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwetu sababu ni kubwa zaidi. Watoto wetu wengi hukua wakizungumza Kiha, na siku ya kwanza darasani hukutana na mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili. Mtoto hukaa kimya, mwalimu hudhani ni mzito wa akili, kumbe tatizo ni lugha tu. Mpango wa EQUIP-T, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014 na Kigoma ikiwa miongoni mwa mikoa yake, uliliona jambo hili. Uliandaa mafunzo ya utayari wa kuanza shule yaliyoendeshwa na watu wa kijijini wenyewe, kwa hadithi na michezo, ili mtoto akizoee Kiswahili kabla ya darasa la kwanza.

Serikali nayo imeweka msimamo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na tangu Januari 2016 darasa la awali katika shule za serikali halina ada. Mwezi Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Lakini kuondolewa ada hakufupishi njia. Mtoto wa miaka minne hawezi kutembea kilometa tano katika mvua za masika. Hapo ndipo chekechea ya karibu, hata ya kwenye ukumbi wa madrasa, inapohitajika.

Madrasa za Mombasa, Zanzibar na Uganda

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Mombasa waliona kwamba watoto wao hawafanyi vizuri katika kuingia shule za msingi. Walitaka watoto wapate maandalizi mazuri bila ya kuikosa dini yao. Walipeleka ombi kwa Karim Aga Khan IV, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, aliyefariki Februari 2025. Taasisi yake, Aga Khan Foundation, ilikubali kusaidia. Mwalimu mzoefu, Bi Swafiya Said, akaanza kazi ya kuzizungukia jamii, na mwaka 1986 chekechea ya kwanza ilianza Liwatoni, Mombasa. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na kwa miaka iliyofuata chekechea zake zikapita 200.

Yapo mambo manne katika mpango huo tunayotaka tuyazingatie.

Kwanza, jamii ndiyo iliyoomba. Hakuna kijiji kilicholazimishwa. Jamii ilichagua kamati, wanawake wakiwemo, na kutia saini mkataba unaoeleza wajibu wa kila upande.

Pili, walimu walikuwa mabinti na akina mama wa palepale. Walipewa mafunzo, kisha wakatembelewa darasani mara kwa mara na wakufunzi.

Tatu, vifaa vilitengenezwa kwa vitu vilivyopo: vifuu vya nazi, vizibo, makopo, mbegu, vitambaa. Sisi hatuna minazi, lakini tuna magunzi ya mahindi, mianzi, udongo wa kufinyangia na maharage ya kila rangi.

Nne, na hili ndilo kubwa, walifikiria siku ya kuachwa. Chekechea ikifikia viwango ilihesabiwa kuwa imehitimu. Jamii ilichangisha fedha, mfadhili akaongeza juu yake, fedha ikawekezwa pamoja na za chekechea nyingine, na kila chekechea ikawa inapata faida ya kusaidia matumizi. Yaani walijiwekea wakfu mdogo wao wenyewe.

Je, watoto walifaidika? Mtafiti Peter Mwaura na wenzake, akiwemo Kathy Sylva wa Oxford, walichapisha utafiti mwaka 2008 uliolinganisha watoto wa nchi hizo tatu. Waliokwenda chekechea yoyote waliendelea vizuri kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa chekechea za madrasa waliendelea vizuri zaidi.

Fedha ya mara moja na fedha ya kila mwezi

Hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Chekechea ina gharama za aina mbili. Zipo za mara moja: kuezeka mabati, kuchimba vyoo, kununua mikeka, kumpeleka mwalimu mafunzoni. Na zipo za kila mwezi: posho ya mwalimu, uji, chaki, maji. Ruzuku inafaa kwa zile za kwanza. Zile za pili zikiegemea ruzuku, siku mkataba unapokwisha mwalimu hukosa posho, na baada ya muda mfupi mlango hufungwa.

Tuchukue mfano. Familia 30, kila moja ikitoa shilingi 1,000 kwa wiki, kwa wiki 40 za masomo zitapata shilingi 1,200,000. Mwalimu akipewa 100,000 kwa miezi 10, hiyo ni 1,000,000. Zinabaki 200,000 za chaki na matengenezo madogo. Posho hiyo ni ndogo, tena uji haumo. Lakini wakati wa mavuno familia hizohizo zinaweza kutoa mahindi, maharage au asali, na madrasa ikatenga ekari moja ya mihogo iwe wakfu wa chekechea. Haba na haba hujaza kibaba. Jamii iliyofika hapo ikiomba ruzuku ya vyoo, mfadhili akiondoka vyoo vinabaki na mwalimu anabaki.

Tusidhani kuondoka huko ni jambo la mbali. Mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa baada ya zaidi ya miaka 60, na miradi mingi duniani ilisimama kwa muda mfupi. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mambo ya kutayarisha

Anayetoa ruzuku huuliza maswali yanayofanana: ninyi ni nani, fedha itakaa wapi, nani atasaini, ninyi wenyewe mmetoa nini? Kwa hiyo madrasa iwe na usajili. Bodi ya wadhamini husajiliwa na RITA, na asasi isiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002. Shule ya awali husajiliwa na Wizara ya Elimu, na kituo cha kulelea watoto wadogo mchana hupitia Ustawi wa Jamii. Kuwe na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, mihtasari ya vikao, na daftari la mapato na matumizi. Mchango wa jamii uandikwe hata kama ni tofali na maji, kwani nao ni mali.

Tena tuseme ukweli: fedha ya ruzuku ni amana. Risiti iliyopotea inaweza kumnyima mtoto wa mwakani nafasi yake.

Ufadhili wa masomo

Kwa vijana wenzetu, mlango upo pia. Kwa wakimbizi, mpango wa DAFI wa serikali ya Ujerumani na UNHCR umesomesha vijana katika vyuo vikuu tangu mwaka 1992. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu nayo ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha Waislamu wa nchi zisizo wanachama wake. Katika mpango huo mwanafunzi hupewa fedha kama mkopo usio na riba, na akishapata kazi huirejesha ili isomeshe wengine wa jamii yake. Tazameni hekima yake: kwa mwanafunzi ni deni, kwa jamii ni wakfu.

Na si lazima kila mmoja aende mbali. Vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga viko hapahapa wilayani. Kama madrasa yetu ingemlipia dada mmoja asomee ualimu wa awali, naye akarudi kufundisha kwa miaka michache, hiyo ingekuwa ruzuku yetu ya kwanza, tuliyoitoa sisi wenyewe.

Ndugu zetu, tusiwakatae wafadhili, kwani kusaidiana katika kheri ni jambo jema. Ila tuwapokee kama wahenga walivyotufundisha kumpokea mgeni: siku ya tatu anapewa jembe. Tulime pamoja, na shamba liwe letu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awatie baraka walimu wetu wa watoto wadogo, na atujaalie kuwa wenye kutoa kabla ya kuwa wenye kuomba. Amin.