Mbwa wa Jirani Anapobweka Usiku Kucha: Hatua za Kufuata

Katika vijiji na mitaa ya Kasulu na Kibondo, mbwa hufugwa ili kulinda nyumba, mbuzi na mashamba. Hata hivyo, mbwa abwekapo usiku kucha, majirani hukosa usingizi na ujirani huingia nyufa. Mara nyingi kelele hizo ni dalili kuwa mbwa ana njaa, kiu au maradhi, au amefungwa mnyororo mfupi kutwa kucha. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mfugaji kutunza ustawi wa mnyama wake; kumtesa ni kosa.

Hatua ya kwanza ni kuzungumza na mwenye mbwa, mchana na kwa staha. Huenda wakati wa kilimo hushinda shambani na hajui yanayotokea nyumbani. Makubaliano madogo, kama vile nani ampe mbwa maji mwenyewe asipokuwepo, huweza kumaliza tatizo.

Ikishindikana, taarifa ipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, kisha kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Mlalamikaji aandike tarehe na saa za kelele, pamoja na hali ya mbwa aliyoiona kwa macho yake. Mbwa aliyekonda au mwenye vidonda aripotiwe pia kwa afisa mifugo wa kata, ambaye atamkagua na kumshauri mfugaji.

Mkazi asitege sumu kamwe. Nyama yenye sumu haichagui: huweza kuliwa na kuku, mbwa asiyehusika au kuokotwa na mtoto.

Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate mengi au kuuma ovyo, asikaribiwe; huenda ana kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Kinga ipo mikononi mwa mfugaji: mbwa achanjwe kwa ratiba ya afisa mifugo, alishwe, apewe maji na afunguliwe apate kunyoosha miguu ndani ya uzio. Mbwa aliyetunzwa hubweka penye sababu, na jirani hulala.