Sura ya Sita: Mpira Ulio Katikati ya Vyuma

Kibaha ni mji wa malori. Barabara ya Morogoro inaupasua katikati, na eneo ambalo mpaka leo watu wanaliita TAMCO limerithi jina la kiwanda cha umma kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania. Ukitaka fundi wa springi asiyeogopa kazi nzito, kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi hutamkosa. Ila fundi aliyekulia kwenye malori huja na tabia moja ambayo kwenye gari dogo la zamani ni hatari: anapenda grisi. Ana sababu. Kwenye springi za lori la zamani, pini ya chuma inazunguka ndani ya bushi ya shaba, na pasipo grisi vitu hivyo viwili vinasagana mpaka vinakwisha. Sasa mpelekee Peugeot 404 yenye bushi za mpira. Ataitafuta sehemu ya kupigia grisi kwenye bushi, ataikosa, na kwa nia njema kabisa ataupaka mpira wenyewe. Baada ya miezi michache mpira umevimba na kulegea, na mwenye gari anaambiwa bushi za siku hizi ni feki.

Bushi ya mpira si bushi ya shaba iliyobadilishiwa malighafi. Ni mirija miwili ya chuma, mdogo ndani ya mkubwa, na kati yake kuna mpira ulioshikamana na pande zote mbili. Mrija wa nje unakaa kwa kubana ndani ya mkono unaoshika gurudumu au jicho la springi. Mrija wa ndani unabanwa na bolti mpaka unakuwa kitu kimoja na chasisi. Gurudumu likipanda, mkono unageuka na mrija wa nje unaufuata. Mrija wa ndani haugeuki. Anayelipia tofauti hiyo ni mpira, ambao unajipinda kisha unarudi. Hakuna kinachoteleza juu ya kingine, kwa hiyo hakuna cha kulainisha. Bushi hii inajipinda, haizunguki: ukilishika hilo, nusu ya maamuzi ya kuchagua na kufunga yanajiamua yenyewe.

Faida ya mpango huu iliwahi kuonekana wazi kwenye barabara zetu. Mashindano ya rali ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Peugeot 404 iliyashinda mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell. Halafu ikaja Peugeot 504, iliyoshinda 1975 na 1978. Zile hazikuwa gari ngumu kwa maana ambayo wauzaji wa vipuri wanalitumia neno hilo leo. Zilikuwa laini. Springi zake zilikuwa na mwendo mrefu, viti vyake vilikuwa vinene, na gurudumu liliachiwa lipande na kushuka bila kuirusha bodi nzima. Mwenye 504 anayenunua bushi ngumu kuliko zote sokoni kwa sababu gari lake "ni la rali" amelielewa gari hilo kinyumenyume.

Toka Kibaha uende Kisarawe uone mpira unafanyishwa kazi gani. Kwenye lami ya Barabara ya Morogoro adui ni rasta na uzito wa breki. Kila ukikanyaga breki, mkono wa chini wa mbele unasukumwa nyuma, na bushi iliyochoka inauruhusu, na gari linavuta upande. Ukishapanda vilima vya Pugu, ukaipita Kisarawe mjini na kushika njia ya Maneromango, popote palipo na changarawe mambo ni mengine. Barabara imejikunja kama bati. Chukua mikunjo iliyoachana sentimita 70: kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gurudumu linapigwa mara 24 hivi kila sekunde. Kila pigo linaukunja mpira, na mpira unaokunjwa unapata joto. Joto hilo, pamoja na hewa na mafuta, ndilo linaloukausha na kuupasua. Kwa kazi hiyo mpira wa asili bado ni mgumu kushindwa: unavumilia kukunjwa mara nyingi na haujipashi joto sana. Unyonge wake ni mafuta ya petroli na jamaa zake wote, na tunao utamaduni wa gereji wa kuosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Osha vyuma kwa mafuta ya taa upendavyo, ila bushi isiguse. Na kama injini au ekseli inavuja oili juu ya bushi, ziba uvujaji kwanza, la sivyo unanunua bushi za kuzilisha oili.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha mgonjwa ni bushi. Mlio wa "go, go" kwenye shimo unaweza kuwa bolijointi au shokapu. Weka gari kwenye stendi, ingiza nondo kati ya mkono na chasisi, sukuma taratibu. Mpira mzima unakubali kidogo kisha unarudi. Mpira uliokufa unaacha chuma kigonge chuma, au unaonyesha ufa unaozunguka mrija wa ndani. Nyufa ndogo za juu juu peke yake zisikutishe, jua la Pwani huziweka hata kwenye mpira ambao bado una kazi. Angalia pia kama mrija wa ndani bado uko katikati. Ukiwa umeshuka upande mmoja, mpira umechoka hata kama haujapasuka.

Sasa twende dukani. Ukishuka Gerezani, Kariakoo, au Shauri Moyo kule Ilala, swali la kwanza litakuwa, "Kaka, unataka orijino au ya kawaida?" Swali hilo halina msaada mkubwa. Uliza imetengenezwa lini. Bushi "orijino" iliyokaa kwenye boksi tangu gari lenyewe likiwa jipya ni mpira mzee wenye kifungashio kizuri, na iliyoning'inizwa mlangoni inapigwa na jua ni mzee zaidi. Ibonyeze kwa ukucha: ukucha uzame kidogo na alama ifutike. Ikunje kwa vidole uangalie pale mpira unapokutana na chuma, kwa sababu bushi duni huanza kubanduka hapo. Halafu toa venia. Kipenyo cha nje kikipungua hata nusu milimita, bushi itaingia kwa mkono, na itatoka hivyo hivyo.

Kisha kuna plastiki ya poliyurethani, zile bushi nyekundu, za njano au za bluu. Kwenye kipimo cha ugumu cha Shore A, mpira wa kawaida wa bushi huwa takribani 50 hadi 70, na poliyurethani mara nyingi 70 hadi 95. Haihofii oili kama mpira, na kwa kuwa nyingi huja vipande viwili na mrija wa chuma wa katikati, unazifunga bila presi. Kwa Land Rover ya springi za bapa inayobeba mizigo, mimi sizipingi. Lakini poliyurethani haikushikamana na mrija wake. Inazunguka juu yake, kwa hiyo tumerudi kwenye hesabu ya lori: inataka kilainishi, tena cha silikoni. Vumbi jekundu la Kisarawe likiingia humo, gari linaanza kulia kila tuta, na mwenye gari anarudi gereji akidhani ni springi.

Tatizo zito zaidi linaonekana kwenye Range Rover ya 1970 na Land Rover 110 iliyoanza kuuzwa 1983. Ekseli ya mbele ya magari hayo imeshikwa na mikono miwili mirefu, na kila mkono umeikamata ekseli kwa bushi mbili. Gurudumu moja likipanda kifusi na jingine likizama korongoni, ekseli nzima inainama, na nafasi ya kuinama inatoka ndani ya mpira wa bushi hizo. Weka plastiki ngumu pale, na ekseli inakosa pa kwenda. Nguvu inahamia kwenye vyuma na vishikizo vya chasisi, ambavyo kwenye gari la miaka hiyo vimeshaanza kuliwa na kutu. Bushi ni rahisi kubadilisha kuliko chasisi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa gari linaloishi kati ya Kibaha na Kisarawe ni mpira wa ugumu ule ule aliouchagua mtengenezaji, na poliyurethani pale tu ambapo mkono unakwenda juu na chini bila kujipinda.

Kuhusu bushi za kukata kwenye tairi chakavu, mafundi wetu wamezitumia miaka yote kwenye sheko za springi, na zimewarudisha wengi nyumbani. Mpira wa tairi umeundwa kustahimili kusuguliwa, na ndani yake una nyuzi zinazouzuia kujipinda sawasawa pande zote. Kukutoa Maneromango mpaka Kisarawe, sawa. Kukaa nazo mwaka mzima, hapana. Inashangaza kidogo katika nchi yenye mashamba ya mipira Kihuhwi, Muheza, na Kalunga kule Kilombero, kwamba bushi nzuri bado tunaisubiri ishuke bandarini.

Kazi ya kutoa bushi ya zamani kwenye Land Rover ya Series, zile za 1948 mpaka 1985, ina sifa mbaya, na sifa hiyo ni ya haki. Bolti imeshikana na mrija wa ndani kwa kutu, na mrija wa nje umeshikana na jicho la springi au tundu la chasisi. Njia ya mkato ya gereji nyingi ni moto: choma mpira, piga nyundo. Kwenye Series nyingi tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, na moshi wa mpira si wa kuvuta. Kama ni springi iliyokwisha kutolewa na kuwekwa kwenye jiliwa, mbali na gari, fundi anaweza kujadiliana na moto wake. Kwenye chasisi, toboa mpira kwa drili mpaka mrija wa ndani utoke, pitisha bleidi ya msumeno wa chuma, na ukate mrija wa nje kwa urefu. Kata polepole. Ukishausikia umeachia, simama, kwani zaidi ya hapo unakata chasisi. Mrija uliopasuliwa unajikunja ndani kwa patasi na kutoka.

Safisha tundu mpaka chuma king'ae. Kuingiza bushi mpya hakuhitaji nyundo, na nyundo ndiyo inayoua bushi nyingi kabla hazijatembea hata mita moja. Tafuta bolti ndefu yenye nyuzi mwanzo hadi mwisho, washa nene, na bomba fupi ambalo ukingo wake unakaa juu ya mrija wa nje peke yake. Kaza nati, na bushi itajivuta ndani yenyewe. Bomba likigusa mpira au mrija wa ndani, unaubandua mpira unaoulipia. Bushi ikiwa ya mpira mtupu bila mrija wa nje, tumia maji ya sabuni. Na soma alama. Bushi zenye nafasi zilizoachwa wazi ndani ya mpira zina upande wake, na zile za bamba la springi la nyuma la Volkswagen Beetle zimeandikwa OBEN upande unaotakiwa kukaa juu, kwa kuwa tundu lake haliko katikati.

Hatua inayobaki ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Gari liko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, na fundi anakaza bolti za bushi mpaka mwisho kwa sababu huko juu ndiko mkono unakofika vizuri. Gari likishushwa, mkono unageuka labda digrii 15 au 20, na mrija wa ndani umekwisha kubanwa. Sasa mpira umejipinda gari likiwa limeegeshwa tu. Kila shimo linaanzia hapo, si kwenye sifuri. Gari linakaa juu kidogo kuliko kawaida, linadunda, na bushi ambayo ingedumu miaka inapasuka mapema. Halafu lawama inakwenda kwa muuzaji wa Gerezani, ambaye safari hii hana kosa.

Kwa hiyo juu ya jeki kaza kwa mkono tu. Shusha gari chini, weka uzito ambao hubeba kila siku, liyumbishe mbele na nyuma na ulikandamize mara kadhaa mpaka likae kimo chake. Kisha ndipo ukaze bolti zote kwa kipimo cha mtengenezaji. Kama fundi hafiki chini, endesha gari juu ya shimo la gereji, au pandisha magurudumu yote manne juu ya mbao nene, kwani kinachotakiwa ni uzito uwe juu ya magurudumu. Baada ya hapo lipeleke likapimwe alaimenti, maana bushi mpya zimehamisha kila mkono kidogo. Ukishatembea kilomita mia chache, zikiwemo za changarawe, zipitie bolti tena kwa spana, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.