Kumpindua Aliye Juu Yako

Katika mieleka tuliyoizoea, mgongo ukishagusa chini mambo yamekwisha. Katika jujitsu ya Wabrazili, hapo ndipo kazi inapoanza. Mwezi Desemba 1994, mjini Tulsa nchini Marekani, Royce Gracie, mtu wa kilo 80 hivi, alilaliwa na Dan Severn, mwanamieleka wa zaidi ya kilo 110. Pambano lilipita robo saa, kisha Royce, akiwa chini vilevile, akamkaba shingo kwa miguu. Severn akasalimu amri.

Kukaba ni njia moja ya kutoka chini. Nyingine, ambayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo, ni kupindua, neno ambalo sisi watu wa redio tumezoea kulitumia kwa serikali. Aliye chini, akiwa amemweka mwenzake katikati ya miguu yake, humwangusha na kuja juu. Katika mashindano hupata pointi 2. Wanaoanza hushindwa siku hadi siku, na wenye maumbo madogo hujiambia kuwa tatizo ni misuli. Wengine huacha kabisa mazoezi. Kwa maoni yangu, hao wanajihukumu bila ushahidi.

Mtu aliyepiga magoti mbele yako ana mihimili minne: magoti mawili na mikono miwili. Haanguki upande ambao mhimili wake uko huru. Basi ukishindwa kumpindua, usijiulize usukume kwa nguvu kiasi gani. Jiulize: amejizuia kwa kiungo gani? Hicho ndicho ulichosahau kukifunga.

Tuangalie mtindo wa mkasi, ambao hufundishwa mapema. Mkono wako wa kulia umeshika ukosi wa koti lake, wa kushoto umeshika mkono wa koti lake upande wake wa kulia. Umelalia ubavu wa kushoto. Ugoko wako wa kulia umekingama tumboni mwake, na mguu wa kushoto uko chini, ukigusa goti lake la kulia. Unamvuta, kisha miguu inakata kama mkasi, naye anaangukia kulia kwake, ambako hana mkono wa kujishika wala goti la kuegemea.

Akitua kwa kiganja, uliachia mkono wa koti. Asipotikisika kabisa, mara nyingi amekalia visigino na uzito wake haujafika kwako. Ulikata kabla ya kuvuta. Mvute kifua kije juu ya ugoko mpaka magoti yake yawe mepesi, ndipo ukate. Na kama wewe mwenyewe umelala chali, mgongo wote mkekani, nyonga zako hazina pa kuzungukia, hata uwe na mapaja ya mpanda milima. Kosa hili huonekana kuliko yote, nalo husahihishwa kwa kugeuka ubavu tu.

Pengine goti lake ni zito, halikatiki. Usishindane nalo. Weka wayo juu ya goti hilohilo na ulisukume nyuma huku ukivuta ukosi. Ataangukia upande uleule.

Na akizidi kuegemea nyuma ili usimvute? Hapo mkasi si dawa tena. Inuka ukae, pitisha mkono juu ya bega lake, umsukume kwa nyonga aendako mwenyewe. Akiweka kiganja chini kujizuia, kamata kifundo cha mkono huo na umpige kufuli ya bega, ileile ambayo Mjapani Masahiko Kimura alimshindia Hélio Gracie, baba yake Royce, mwaka 1951 mjini Rio de Janeiro. Akirudi mbele kwa nguvu, shingo inakuja yenyewe kwenye kabali.

Ukishafika juu usishangilie upesi: mwamuzi hatoi zile pointi 2 mpaka umemdhibiti kwa sekunde 3.