Sajini wa Akiba Aliyeingia Uwanjani Mara 1,070

Ninyi mlio katika jeshi na katika polisi mnafahamu vyema maana ya kikosi cha akiba. Askari wa akiba hukaa nyuma ya mstari, silaha yake safi, akingojea amri ambayo huenda ikaja usiku wa manane au isije kabisa. Akiitwa, huitwa mambo yakiwa yameharibika. Leo twapenda kuwasimulia habari za mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka 21, si kwa bunduki bali kwa mpira. Jina lake ni Hoyt Wilhelm, wa Marekani.

Mchezo wake ni besiboli. Mrushaji humrushia mpira mpiga gongo, na nyuma ya mpiga gongo huchutama mdakaji mwenye glavu. Mchezo una vipindi 9. Mrushaji aliyeanza akizidiwa, mkufunzi humwingiza mrushaji wa akiba, mara nyingi wapinzani wakiwa wamekwisha kukalia vituo, wakingoja pigo moja tu wajipatie alama. Siku hizo kazi hiyo waliachiwa wale walioonekana hawafai kuanza mchezo.

Wilhelm alizaliwa Huntersville, North Carolina, mwaka 1922. Akiwa kijana aliona gazetini picha za Dutch Leonard, mrushaji mashuhuri, akiushika mpira kwa ncha za vidole. Akauigiza mshiko huo kwa mpira wa tenisi. Mpira urushwao hivyo hauna kasi, wala hauzunguki. Hewa ikipita juu ya mshono wake, hupepesuka huku na huko, hata aliyeurusha hajui hasa utakakoelekea. Lakini mkono hauchoki upesi.

Mwaka 1942 alianza katika timu ndogo ya Mooresville, kisha vita vikamchukua. Desemba 1944 Wajerumani walifanya shambulio lao kubwa la mwisho upande wa magharibi, katika misitu ya Ardennes. Wilhelm, aliyekuwa katika Divisheni ya 99 ya askari wa miguu, alijeruhiwa katika mapigano hayo. Alitunukiwa nishani ya Purple Heart, ambayo hupewa mwanajeshi wa Marekani aliyejeruhiwa na adui. Vipande vya chuma vilibaki mwilini mwake, naye akacheza navyo hadi mwisho. Kwa kuwa alikuwa amefikia cheo cha sajini, wachezaji wenzake walimwita "Old Sarge", yaani Sajini Mzee.

Alipofika ligi kuu, katika timu ya New York Giants mwaka 1952, alikuwa na umri wa miaka 29. Mara ya kwanza kushika gongo aliupiga mpira ukavuka uzio. Katika miaka 21 hakuvusha mwingine! Lakini kwa kurusha alishinda michezo 15 mwaka huo na kushindwa 3 tu.

Ndipo safari zilipoanza: St. Louis, Cleveland, Baltimore, Chicago, California, Atlanta, Chicago tena kwa timu nyingine, Atlanta tena, Los Angeles. Timu 9 kwa jumla. Kansas City walimchukua mwaka 1968 wakamtoa kabla hajawachezea hata mchezo mmoja. Sisi tuliokwisha kuhamishwa kambi mara kadhaa twajua uzito wa sanduku linalofungwa kabla ya jua kuchomoza.

Sababu moja ya kuhama huko ilikuwa silaha yake mwenyewe. Mpira uliomshinda mpiga gongo ulimshinda mdakaji pia. Cleveland walimwachilia Agosti 1958, Baltimore wakamchukua. Septemba 20 mwaka huohuo Baltimore walimwanzisha dhidi ya New York Yankees, mabingwa wa ligi yao, na katika vipindi vyote 9 Yankees hawakupata pigo halali hata moja. Baltimore walishinda 1-0. Ilipita miaka 45 kabla ya Yankees kufanyiwa hivyo tena, na mwaka huo wa 2003 walihitajika warushaji 6 wa Houston kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1960 mkufunzi wa Baltimore, Paul Richards, aliwatengenezea wadakaji glavu kubwa kupita kiasi. Kwa maoni yetu huo ndio ukamanda: kulirekebisha jeshi limfae askari hodari, badala ya kumfukuza.

Mwaka 1970 Wilhelm alikuwa mrushaji wa kwanza kufikisha michezo 1,000. Wengine wamempita tangu hapo. Jesse Orosco alifikia 1,252 mwaka 2003. Los Angeles walimwachilia Julai 1972, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 50. Wapiga kura wa Jumba la Mashujaa wa besiboli, Cooperstown, walimkataa mara 7. Mwaka 1985 walimkubali, naye akawa mrushaji wa akiba wa kwanza kuingia humo. Wakati huo alikuwa akiwafunza vijana katika timu ndogo za Yankees, walewale aliowanyima pigo mwaka 1958. Alifariki mwaka 2002 huko Sarasota, Florida.