Pumu: Inhela ya Buluu Pekee Haitoshi
Mgonjwa wa pumu akibanwa kifua hukimbilia inhela ya buluu, yaani salbutamoli. Pumzi hurudi kwa dakika chache kwa kuwa misuli iliyokaza imelegea, lakini kuta za njia za hewa bado zimevimba na zimejaa makohozi. Uvimbe huo hutulizwa na inhela ya steroidi, inayovutwa kila siku jinsi daktari alivyoagiza. Wengi huiacha wakipata nafuu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Moshi wa kuni na sigara huleta ugonjwa mwingine: njia za hewa huziba polepole, na uvimbe wake kwa kawaida hausikii steroidi vizuri kama wa pumu.

Ukihitaji inhela ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, fika kituo cha afya kilicho karibu.