Bajeti ya Kaunti kwa Mchoro: Jua Ombi Lako Linaingilia Wapi

Mkazi wa Kasigau anayeomba kisima kwenye kikao cha bajeti mwezi Mei anaweza kurudi nyumbani akidhani amepuuzwa. Mara nyingi tatizo ni wakati. Kufikia Mei, maamuzi makubwa yameshapita. Jambo hilo ni vigumu kulitambua katika kurasa za sheria, lakini huonekana mara moja likichorwa.

Chati ya mtiririko huweka kila hatua ya kazi kwenye kisanduku, na mshale huonyesha hatua inayofuata. Chini ya kisanduku huandikwa mhusika na tarehe. Frank na Lillian Gilbreth waliwaeleza wahandisi wa Marekani chati za aina hii mwaka wa 1921.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, chati ya bajeti ya kaunti ina visanduku vinne vikuu:

1. Kufikia Septemba 1: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti.
2. Kufikia Februari 28: mkakati wa fedha huwasilishwa, ukionyesha viwango vya matumizi.
3. Kufikia Aprili 30: makadirio ya bajeti huwasilishwa.
4. Kufikia Juni 30: makadirio huidhinishwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Sasa fuata mishale. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, hairuhusu fedha za umma kutengwa nje ya mpango. Kwa hivyo kisima cha Kasigau kinafaa kutajwa kabla ya kisanduku cha kwanza kufungwa, miezi kumi kabla ya fedha kuanza kutumika. Baada ya Februari, kuongeza mradi mmoja kwa kawaida ni kupunguza mwingine.

Mchoro huonyesha pia mapengo. Kati ya Septemba na Februari, wakazi wanaweza kuuliza iwapo mradi wao ungali kwenye orodha.

Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha. Karatasi moja ya manila ukutani kwenye baraza la wadi, iwe Sagalla, Mbololo au Marungu, yatosha kuanzia. Kila kikao kianze kwa maswali matatu: Tuko kisanduku kipi? Nani ana stakabadhi sasa? Inatoka kwake lini?