Je, Wajua? Kisiwa Kinachowasha Taa kwa Makapi ya Miwa

Simama kidogo kwa muuza juisi ya miwa, iwe Darajani, Kariakoo au Mombasa mjini. Anaupitisha muwa kwenye mashine, anaukunja pamoja na kipande cha ndimu na tangawizi, anaupitisha tena, na tena. Mara ya mwisho kinachotoka upande wa pili ni utepe mkavu, mweupe, wa nyuzinyuzi tupu. Anautupa nyuma yake bila hata kuutazama. Ikifika jioni rundo limefika magotini, nyuki wamelizingira, na asubuhi litapakiwa kwenye mkokoteni kwenda dampo. Sisi wanywaji tumeshaondoka zamani.

Rundo kama hilo ndilo lililonivutia kwenye habari za Morisi, nchi ambayo wengi tumezoea kuiita Mauritius. Kisiwa chake kikuu kina kilomita za mraba 1,865 hivi, kikubwa kidogo tu kuliko Unguja, na kinakaliwa na watu zaidi ya milioni moja. Hakina mafuta, hakina gesi, hakina makaa ya mawe. Kina miwa.

Je, wajua kwamba Morisi ilianza kuingiza umeme wa makapi ya miwa kwenye gridi mwaka 1957? Ni miaka 11 kabla ya uhuru wake. Kiwanda cha sukari cha Saint Antoine, kaskazini mwa kisiwa, kilikuwa kikichoma makapi yake kupata mvuke wa kuendeshea mashine, kama viwanda vingine vya sukari duniani. Umeme ulipozidi mahitaji ya kiwanda, ziada ikauzwa nje ya uzio. Kilikuwa kiasi kidogo, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Mwaka 1991 serikali ikaweka mpango maalumu wa kuendeleza nishati ya makapi, na viwanda vikaanza kujenga mitambo mikubwa ya kufua umeme ubavuni mwa vinu.

Hesabu yake ni ya kushangaza. Tani moja ya miwa ikiingia kinuni hutoa sukari kama kilo 100 na kidogo, molasi kama kilo 30 na kitu, na makapi yanayokaribia kilo 300, nusu yake ikiwa bado ni maji. Kwa uzito, basi, kiwanda cha sukari hutengeneza makapi mengi kuliko sukari, karibu mara tatu. Mwenye kiwanda asiyejua la kuyafanyia ana mlima wa taka unaokua kila siku, unaochacha na kushika moto wenyewe. Anayejua ana kuni zilizokwisha kulipiwa.

Na je, wajua kwamba mvuke ule hufanya kazi mara mbili? Makapi hupulizwa ndani ya tanuru yakiwaka hewani, maji ya kwenye boila yanageuka mvuke wenye shinikizo kubwa, mvuke unasukuma mapanga ya mtambo wa umeme. Ukitoka hapo umechoka, nguvu zimepungua, lakini bado una joto. Hautupwi. Unapelekwa upande wa pili wa kiwanda kuchemshia maji ya miwa mpaka yawe shira. Joto moja limezaa umeme na sukari. Mambo hayaishii hapo. Molasi hupelekwa kwenye mtambo wa spiriti. Kwenye kiwanda cha La Baraque, kusini mwa kisiwa, hewa ya ukaa inayotoka molasi inapochachuka hukusanywa na kusafishwa, nayo huishia kwenye vinywaji vya soda. Mabaki ya spiriti huwa mbolea, na hurudi shambani kwenye miwa. Hapohapo ukajengwa mtambo wa kuchakata majivu ili yatumike kwenye saruji badala ya kulundikwa.

Jambo hili lina jina lake rasmi: uzalishaji safi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilianzisha mpango wake wa uzalishaji safi mwaka 1989. Wazo lake mtu yeyote wa jikoni anaweza kulieleza. Badala ya kusubiri uchafu utokee kisha utafute pesa za kuusafisha, unarudi nyuma hadi kwenye sufuria na kuuliza kwa nini umetokea. Maji yamepotelea wapi? Moto umezidi kwa nini? Hiki unachokitupa ulikinunua kwa shilingi ngapi? Tanzania ilianzisha kituo chake cha uzalishaji safi mjini Dar es Salaam mwaka 1995, kikiwa miongoni mwa vya mwanzo barani Afrika. Kwa nchi za visiwa swali hili lina uzito zaidi, maana kisiwani hakuna "kule mbali" pa kupeleka taka. Januari 2005, majuma machache baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, wajumbe wa mataifa madogo ya visiwa walikutana Port Louis, mji mkuu wa Morisi, kuzungumzia maendeleo endelevu. Safari hiyo kila mmoja alikuwa amekwisha kuona bahari inavyoweza kuingia ndani ya nyumba.

Je, wajua ni nani aliyefundisha viwanda vya sukari kutopoteza mvuke? Ni Norbert Rillieux, aliyezaliwa New Orleans, Marekani, mwaka 1806, mama yake akiwa mwanamke huru mwenye asili ya Afrika. Alisomea uhandisi Paris, na mwaka 1843 akapata hataza ya mtambo wake. Ndani yake mvuke unaotoka kwenye chungu cha kwanza huchemsha cha pili, wa cha pili huchemsha cha tatu, kwa sababu kila chungu hupunguziwa shinikizo la hewa na hivyo huchemka kwa joto dogo zaidi. Kabla ya hapo kazi ilifanywa na watumwa, waliohamisha shira ya moto kwa upawa mrefu, kutoka sufuria hadi sufuria zilizo wazi, na wengi waliungua. Mtambo wa Rillieux uliokoa kuni na ngozi za watu, na viwanda vya sukari vya leo bado vinafuata kanuni yake. Jina lake lingestahili kuwamo kwenye vitabu vya shule zetu.

Watumwa waliolima na kuchemsha sukari ya Morisi walitoka wapi? Bukini (Madagaska), Msumbiji, na pwani yetu hii. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Wakati huo Morisi iliitwa Île de France. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1835 chini ya Waingereza, na mashamba yakajazwa vibarua wa mkataba kutoka India, karibu nusu milioni kwa jumla. Ngazi za mawe walizopandia kutoka melini, Aapravasi Ghat, ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006. Tukisifu miwa ya kisiwa hiki, tukumbuke kwanza mikono iliyoipanda. Baadhi yake ilikuwa ya ndugu zetu.

Je, wajua kwamba kisiwa hichohicho kilikuwa na sheria kali ya misitu tangu 1769? Waholanzi, walioleta miwa kutoka Java mwaka 1639, walikata mipingo kwa pupa, na ndege dodo akatoweka katika karne hiyohiyo ya 17. Walipokuja Wafaransa, mtawala mmoja, Pierre Poivre, aliona mito ikikauka na udongo ukiporomoka. Sheria ya 1769 ikaamuru kila mwenye shamba abakize robo ya ardhi yake ikiwa msitu, hasa kwenye miteremko ya milima, na miti iliyo karibu na maji isiguswe. Haikutosha. Miwa ilikuwa na faida kubwa mno, na leo msitu wa asili ulio katika hali nzuri haufiki asilimia 2 ya kisiwa. Poivre huyohuyo ndiye aliyefanya mikarafuu iletwe Île de France kutoka visiwa vya Maluku mwaka 1770. Kutoka kwenye visiwa vilivyotawaliwa na Wafaransa katika Bahari ya Hindi karafuu ilivuka ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Harufu ya Pemba msimu wa kuchuma ina njia ndefu nyuma yake.

Sasa upande wenye moshi. Miwa hukatwa kuanzia Juni hadi Desemba. Msimu ukiisha makapi nayo huisha, lakini watu wanataka umeme mwaka mzima. Mitambo ileile basi hugeuzwa na kuchoma makaa ya mawe yanayoletwa kwa meli, mengi kutoka Afrika Kusini. Wanamazingira wa Morisi wamelilalamikia jambo hili kwa miaka, nami naona wana haki. Jina la miwa limefunika makaa mengi. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kuachana na makaa ifikapo 2030 na kupata asilimia 60 ya umeme kutoka vyanzo jadidifu. Kazi imekuwa ngumu zaidi kwa sababu miwa yenyewe inapungua. Umoja wa Ulaya ulishusha bei ya sukari kwa asilimia 36 kati ya 2006 na 2009, wakulima wadogo wakaacha mashamba, na vinu vilivyozidi 250 katikati ya karne ya 19 vimebaki vitatu.

Dampo la kisiwa nalo ni moja tu: Mare Chicose, lililofunguliwa 1997. Takataka za kisiwa kizima huishia hapo. Tangu 2011 gesi inayotoka ndani yake imekuwa ikivunwa kufua umeme, lakini gesi haipunguzi kimo cha mlima. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Januari 2016, mwaka mmoja kabla ya Kenya na mitatu kabla ya Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa imewatangulia wote.

Je, wajua kwamba majani ya miwa yalipigana na mafuta baharini? Tarehe 25 Julai 2020 meli ya MV Wakashio, isiyo na shehena lakini yenye mafuta karibu tani 4,000 ya kuendeshea injini zake, ilipanda mwamba wa matumbawe huko Pointe d'Esny. Tarehe 6 Agosti ikaanza kuvuja, na takriban tani 1,000 zikamwagika karibu na hifadhi ya Blue Bay na mikoko ya kusini mashariki. Watu hawakungoja kuambiwa. Kwenye ufukwe wa Mahébourg yalishushwa majani makavu ya miwa, yale yanayobaki shambani baada ya kukata. Mmoja anashika mdomo wa gunia, mwenzake anashindilia majani, wa tatu anashona. Pembeni zikafungwa chupa tupu za plastiki ili lielee. Magunia yakaungwa kwa urefu, yakakokotwa na mashua hadi ndani ya maji, yakazuia na kufyonza mafuta. Wengine walikata nywele zao zikatiwa humo. Walioshona walirudi nyumbani na mikono myeusi hadi viwikoni. Kila nikisoma habari za siku zile naona watu wanaojua thamani ya kile wengine wanachokiacha shambani.

Ujuzi huo haukubaki kisiwani. Kiwanda cha sukari cha TPC, kusini mwa mji wa Moshi, kilipata wanahisa wakubwa kutoka Morisi na Réunion mwaka 2000, huku serikali ya Tanzania ikibaki na robo. Kinachoma makapi yake chenyewe, na umeme unaozidi kinaiuzia TANESCO.